Mlangoni mwa Irerero

Anayetaka kuiona kazi hii ikifanywa na mtu anayeijua afike asubuhi, uji ukiwa bado jikoni. Wilaya ya Rusizi, ambayo wakubwa wengi bado wanaiita Cyangugu, huamka mapema. Wavuvi wa sambaza wanarudi kutoka Ziwa Kivu walikokesha na taa zao. Akina mama wanateremka kutoka mji wa Kamembe kuelekea daraja la mpakani, vichwani wamebeba nyanya, mboga na mayai ya kuuza Bukavu, ng'ambo ya Kongo. Na katikati ya msafara huo wamo watoto wa miaka mitatu, minne, wengine mgongoni, wengine wameshikwa mkono na dada zao, wanaopelekwa kwenye irerero.

Irerero ndipo Rwanda inapowalea watoto wake kabla ya shule ya msingi, na sura zake ni nyingi. Yapo majengo yaliyojengwa kwa kazi hiyo hasa, yenye vyoo vidogo na uwanja wa kuchezea. Vipo vyumba vya kanisa vinavyotumika siku za kazi. Na ipo nyumba ya jirani tu, ambako wazazi wa mtaa hupokezana zamu ya kulea. Sera ya kwanza ya taifa kuhusu malezi ya watoto wadogo ilitoka 2011, na mtaala wa elimu ya awali wa 2015 unayataja maendeleo ya kijamii na kihisia kuwa eneo la kujifunza, sambamba na lugha na hesabu. Ni vizuri kwamba imeandikwa. Lakini karatasi haimshushi mtoto kutoka mgongoni kwa mama yake. Kazi hiyo hufanywa na mlezi, mlangoni, kwa mikono na macho na sauti, na watu wengi hupita mbele yake kila asubuhi wasijue kwamba wamepita mbele ya fundi.

Tazama kwanza asichokifanya. Mlezi mgeni wa kazi humwendea mama, hunyoosha mikono na kumtwaa mtoto. Anadhani anasaidia, maana mama ana haraka. Mlezi aliyekomaa hukaa kwenye kigoda kando ya mlango, au huchuchumaa, mpaka uso wake ulingane na wa mtoto. Kitenge anakifungua mama mwenyewe. Mtoto anashushwa na mikono ileile iliyompandisha, miguu inagusa sakafu huku vidole bado vimeng'ang'ania nguo, na hapo ndipo mlezi anapomsalimia, kwa jina lake, kabla ya kumsalimia mkubwa. Katika nchi ambako mtoto hufunzwa kungoja wakubwa wamalize salamu zao, kumtanguliza mdogo kunashtua kidogo. Mtoto mwenyewe hushtuka. Wengine huficha uso kwenye paja la mama, kisha wanachungulia kwa jicho moja kuona kama yule mtu bado yupo. Bado yupo. Hana haraka, hacheki cheko la kubembeleza, wala hamwambii mtoto asiogope.

Halafu anauliza maswali.

"Amelalaje, mama?"

"Vibaya, mwalimu. Amekohoa usiku kucha."

"Amekula?"

"Kiazi kimoja. Amekibakiza nusu."

"Na leo atamfuata nani?"

"Shangazi yake. Mimi nitachelewa ng'ambo."

Anayesikiliza kwa mbali atasema ni salamu za asubuhi. Mlezi hapo anakusanya anachokihitaji kwa siku nzima. Saa nne mtoto huyo akianza kulialia na kumsukuma mwenzake, hataitwa mkaidi. Itajulikana kwamba hakulala na kwamba tumboni ana nusu kiazi. Atapewa uji wake mapema kidogo, na mkeka.

Uzito wa kumjua mtoto namna hii ulishawahi kuonekana na kuandikwa, na si mbali na hapa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda kwa kumfuata mume wake aliyepata kazi Kampala. Akiwa huko alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Waganda, kila baada ya majuma mawili hivi, akikaa sebuleni na mkalimani wake, akiwatazama watoto wachanga na mama zao. Kitabu chake kilitoka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika wa mama yake hutambaa kwenda mbali, huchunguza vitu, hurudi kumgusa mama, kisha huenda tena, mbali zaidi. Mtoto asiye na uhakika huo hung'ang'ania, au hulia hata akiwa amebebwa. Na aliona jambo lingine, ambalo mimi hunigusa zaidi ya yote: akina mama ambao watoto wao walitulia walikuwa wale ambao walipoulizwa habari za mtoto walieleza kwa undani, anapenda nini, hulala vipi, alianza lini kukaa. Waliwajua. Nadharia ya mshikamano wa mtoto na anayemlea, inayosomeshwa leo vyuo vikuu vya dunia nzima, ilipata ushahidi wake wa mwanzo kwenye mikeka ya Buganda.

Kwa hiyo mlezi anayeuliza juu ya kiazi anajitahidi kuwa mtu wa pili anayemjua mtoto kiasi hicho. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuachiwa jengo, hata liwe na bembea na picha za wanyama ukutani. Anaweza kuachiwa mtu.

Kisha huja kuaga, na hapa ndipo ufundi unapoonekana wazi. Akina mama wengi, kama wangeachiwa, wangetoroka. Mtoto anaonyeshwa mpira, anageuka, anapogeuka tena mama hayupo. Siku ya kwanza mbinu hii inafanya kazi vizuri mno. Hakuna kilio, mama anawahi soko. Kesho yake mtoto haangalii mpira, anaangalia mlango. Kesho kutwa haachi kitenge hata nyumbani, mama akienda kisimani anamfuata analia, na usiku anaamka kupapasa kama bado yupo. Amejifunza kwamba watu hupotea ukigeuza kichwa. Kumfutia somo hilo huchukua miezi.

"Mama, muage."

"Nikimuaga atalia, mwalimu."

"Atalia, ndiyo. Muage."

Kwaheri nzuri ni fupi. Mama anayerudi mara tatu kupangusa machozi anamwambia mtoto, bila kujua, kwamba hata yeye haamini mahali hapa. Mlezi humsindikiza huyo kwa upole mpaka nje, mkono begani, akimwambia maneno ya kawaida kabisa, na huo nao ni utaalamu: kumuaga mama sawasawa na kumuaga mtoto. Wapo akina mama wanaolia njiani kuliko walivyolia watoto wao.

Na kwaheri nzuri ni ya kweli. Mtoto akiambiwa mama atarudi saa saba, hajaambiwa kitu. Saa saba haimo kichwani mwake. Mlezi anampa siku kwa vipande anavyoweza kuvishika: utakunywa uji, mtacheza nje, mtaimba, mtakula, utalala, ukiamka shangazi huyu hapa. Na siku hiyo lazima iende kwa mpangilio huohuo, uji ukitangulia, wimbo ukifuata mchezo. Wageni wakija kukagua na kuona ratiba inafuatwa kwa ukali namna ile, huweza kudhani ni nidhamu ya kizamani. Watoto hawana saa ukutani. Ratiba ndiyo saa yao. Ukiruka uji umewachelewesha mama zao wote.

Shangazi naye ana umuhimu wake. Ikijulikana kwamba mama atakawia, mtoto huambiwa asubuhi nani atakayekuja. Rusizi ni mahali pa mpaka, na daraja ni daraja. Mwaka 2020 korona ilipoingia, mipaka ilifungwa na biashara ndogondogo ya ng'ambo ikakatika. Februari 2025 waasi wa kundi la M23 walipoingia Bukavu, familia zenye ndugu pande zote mbili za mto zilikaa zikisikiliza redio na simu, na watoto wakiwa chini ya meza wanasikia kila neno. Mlezi hawezi kuahidi kwa niaba ya daraja. Anaweza kuhakikisha kwamba neno lililosemwa mlangoni lilikuwa kweli lilipotamkwa, na kwamba kuna mtu wa pili na wa tatu ambao mtoto anawajua na wanaojua njia ya kuja.

Na ahadi ya kurudi si nyepesi hapa. Mtu wa Rusizi aliyevuka miaka thelathini na mitano leo alikuwa hai wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, wakati watu walipokusanywa kwenye uwanja wa Kamarampaka mjini Cyangugu, wengine wakatolewa humo wasirudi, na walionusurika wakahamishiwa kambi ya Nyarushishi. Baadhi ya walezi wa sasa walikuwa watoto wadogo wakati huo. Wengine ni wazazi wanaosimama mlangoni. Sijawahi kumsikia mlezi akiyataja hayo asubuhi, na hakuna haja. Lakini ukimwona anavyomkataza mama asitoroke, kwa ukali ambao haufanani na tabia yake yote, huenda ukaelewa unakotoka.

Mama ameondoka. Sasa kilio.

Mlezi anasikia vilio ambavyo sisi wengine tunavisikia kuwa kimoja. Kuna kilio cha hasira, chenye miguu. Mtoto anajitupa, anarusha viatu. Huyo huachwa na nafasi yake, viatu huokotwa baadaye, na mara nyingi kilio hicho hukoma mama akishakata kona. Kuna kilio cha hofu, chembamba, kisicho na nguvu ya kurusha chochote. Huyo hukaliwa karibu, mkono mgongoni, bila maneno mengi. Kuna kilio cha kuazima, cha anayelia kwa kuwa jirani yake analia, na dawa yake ni kusogeza mkeka wake. Mlezi mmoja anaweza kuwa na vyote vitatu kwa wakati mmoja, pamoja na sufuria ya uji inayotaka kukorogwa.

Asiyelia kabisa ndiye anayeangaliwa zaidi. Wazazi humsifu: huyu mtoto mkubwa, hata hakulia. Mlezi hukubali kwa kichwa na kuendelea kumtazama. James Robertson, Mskoti aliyefanya kazi London, alipiga filamu mwaka 1952 ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali bila mama yake. Wakati huo madaktari na wauguzi walikuwa wakiona mtoto aliyenyamaza kuwa ni mtoto aliyezoea. Robertson aliwaonyesha kwamba kunyamaza huko huweza kuwa ni kukata tamaa, na filamu ile ilisaidia kubadilisha taratibu za hospitali za Uingereza kuhusu wazazi kuwatembelea watoto. Mlezi wa Kamembe hajaiona. Anajua tu kwamba mtoto anayecheza na kokoto moja pembeni tangu asubuhi, anayekunywa uji wake wote bila kuinua macho, bado hajafika.

Anachomfanyia mtoto huyo kinastahili kuelezwa polepole. Hamvuti kwenye mduara wa wimbo, wala haombi wengine wamchangamkie. Anampa kazi. Nje ya irerero kuna kandagira ukarabe: dumu dogo la maji limening'inizwa kwenye mti, kamba imefungwa kwenye kijiti chini, ukikikanyaga dumu linainama na maji yanatoka. Kabla ya uji watoto wote hupanga mstari hapo, na lazima mtu ashike sabuni. Leo mshika sabuni ni yule mkimya. Amesimama kando ya dumu, kipande cha sabuni kiganjani, na watoto wanamjia mmoja mmoja wakiwa na mikono mitupu. Anawapa, wanamrudishia. Mmoja anaidondosha kwenye matope, anaiokota, anaisuuza. Wa nne au wa tano anamwambia kitu. Anajibu. Mlezi, aliyekuwa akigawa vikombe mita kumi kutoka hapo, hakugeuka, lakini nina hakika alisikia.

Hapo kwenye mstari wa maji kuna shule kamili, kuliko yoyote nitakayoona baadaye mchana. Kungoja zamu huku ukiwa na njaa, kumpa mwenzio kitu unachokipenda na kuamini kitarudi, kuvumilia anayekusukuma kwa nyuma kwa sababu mlezi anaona: mtoto wa miaka mitatu hazaliwi nayo hayo, wala hafundishwi kwa kuhubiriwa. Anayafanya kila siku, na maji ya baridi.

Ugomvi haukosekani. Mpira wa majani ya migomba ni mmoja, watoto ni wengi. Wawili wanaushika, wanavutana. Mlezi asiye na uzoefu angeruka, angeuchukua, angeuliza nani ameanza, swali ambalo halijawahi kupata jibu la kweli tangu dunia iumbwe. Huyu anasogea tu mpaka awe karibu vya kutosha kudaka ngumi, mikono nyuma, na anangoja. Kungoja kwake kuna kipimo. Akiona vidole vinaelekea usoni, anaingilia. Akiona mdomo unafunguka kusema, anaongeza pumzi moja zaidi. Wakishindwa, anawapa neno, wala hawapi hukumu: "Mwambie unautaka baada yake." Mtoto anasema nusu ya sentensi hiyo. Inatosha kwa leo.

Neno lenyewe linaweza kuwa la Kinyarwanda au la Kiswahili. Darasani lugha ni Kinyarwanda, lakini Kamembe na Bugarama ilikuwa miji ya Kiswahili miaka mingi kabla sheria ya 2017 haijakifanya lugha rasmi ya nchi, na kuna nyumba ambazo bibi hubembeleza kwa Kiswahili cha ng'ambo. Mlezi mwenye akili hukumbuka kila mtoto hulazwa kwa lugha gani. Kilio hakina mtaala.

Niliwahi kuwakuta wakicheza mchezo wa kuvuka mpaka. Msichana alikuwa na beseni kichwani lenye majani na mawe. Mvulana alikaa juu ya tofali akidai karatasi kwa sauti nzito, na wengine walipanga foleni nyuma ya beseni. Nyuma kabisa, kwenye mkeka, watatu waliambiwa wao ni watoto wa nyumbani, walale. Beseni lilivuka, likauzwa, likarudi tupu, na aliyekuwa mama aliwagawia waliolala mawe madogo kuwa mandazi. Kisha wakaanza tena, na safari hii afisa akataka kuwa mama. Wakati wa kunawa mikono ulikuwa umefika na kupita. Mlezi aliyeilinda ratiba yake kwa ukali wa asubuhi nzima aliuacha upite, na uji ukapoa kidogo.

Malezi ya namna hii hayakuletwa na meli. Katika desturi ya zamani ya Rwanda mtoto mchanga alipopewa jina, watoto wa majirani waliitwa, wakapewa majembe madogo wakalima kidogo kwa mchezo, wakarudi kula pamoja na kumtajia mchanga majina. Mgeni alikaribishwa duniani na wenye umri karibu na wake. Pwani nako, Mombasa ya miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alianza kuwafunza kazi akina mama wa mitaa katika mpango wa shule za awali za madrasa uliosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, vifaa vikitengenezwa kwa vifuu, vifuniko vya chupa na vitambaa. Mpango huo ulifika Zanzibar na Uganda. Na Roma, tarehe 6 Januari 1907, Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo kwa sababu ambayo mama wa Rusizi angeielewa mara moja: wazazi walikuwa kazini kutwa, na watoto walibaki wenyewe kwenye ngazi za majengo. Miongoni mwa vifaa alivyobuni ni fremu za kujifunzia kufunga vifungo na kamba. Watu humkumbuka kwa mengine makubwa. Mimi namkumbuka kwa vifungo, maana mtoto asiyeweza kujifungulia kaptula anaishi siku nzima kwa hofu.

Hofu hiyo ni ya choo. Waulize walezi ni nini huwatisha watoto zaidi, nao hawatasema kuachwa, watasema shimo. Choo cha wakubwa kina tundu ambalo kwa mtoto wa miaka mitatu ni pana la kutosha kumeza, na giza ndani yake. Wako wanaojizuia mpaka saa ya kwenda nyumbani, na wako wanaoshindwa, wakalowa, wakachekwa, na kesho wakakataa shule bila kueleza kwa nini. Ndiyo sababu irerero lililojengwa vizuri lina matundu madogo na mlango usiofungwa kwa komeo. Na ndiyo sababu mlezi, wazazi wanapokutana jioni kikaoni, haanzi na herufi. Anawaambia: mfundisheni kusema kwa mtu asiye ndugu, "nataka kukojoa". Waleteni waone choo siku tulivu, kabla ya Septemba, muhula haujaanza. Wavisheni nguo wanazoweza kuzivua.

Vikao vile vya jioni ni nusu ya kazi yake. Anajua kwamba mama aliyeaibishwa mbele ya majirani hatabadilika, kwa hiyo mfano wake kila mara ni "mzazi mmoja niliyemjua mahali pengine". Katika kusema juu ya mzazi huyo wa mahali pengine, hutaja tabia ambayo nusu ya waliohudhuria wanaijua vizuri: kumtishia mtoto kwa mwalimu. Ngoja uende shule, utachapwa. Ngoja, nitamwambia mwalimu. Mwaka mzima mtoto anatengenezewa zimwi, halafu siku moja ya Septemba anakabidhiwa kwake na kuambiwa asilie. Watu hucheka. Wakati wa kucheka huko unaona wengine wanatazama chini.

Huwashauri pia wamzoeze mtoto kuachwa kidogokidogo, kwa shangazi kwa muda wa kuchemsha maharage, kwa jirani mpaka jioni, na kila mara aagwe, na kila mara anayeaga arudi. Mtoto wa kwanza anahitaji mazoezi hayo kuliko wadogo zake. Baba wa ziwani, anayerudi na mwanga wa asubuhi, huombwa kumleta mtoto kabla hajalala. Wachache hukubali. Wanapokuja wananuka sambaza na usingizi, na watoto wao hupita mlangoni wakiwa wamenyoosha shingo.

Mzazi wa mjini huwa na swali lingine. Anauliza mtoto atajua herufi ngapi kufikia Desemba, na kama anafundishwa Kiingereza. Swali si la kipuuzi. Mtoto akiingia darasa la kwanza mengi yatamjia kwa Kiingereza, na mzazi anaogopa. Shule za awali za kulipia zimeielewa hofu hiyo vizuri. Huandika Kiingereza getini, na mwisho wa mwaka huwavisha watoto wa miaka sita majoho na kofia za mahafali, jasho likiwatiririka. Sina ugomvi na picha hizo, zinapendeza ukutani. Ila nilimsikia mlezi akijibu swali la herufi kwa kusema, "Amejua kuomba maji," na baba aliyeuliza akadhani hajasikilizwa.

Malipo ya kazi hii ni madogo. Katika marerero ya nyumbani hutegemea michango ya wazazi, unga, kuni, fedha kidogo, na hodari akipata kazi nyingine huondoka na kila alichokijua juu ya watoto wake. Hakuna daftari linaloweza kukihifadhi.

Kipimo cha mwisho cha mlezi hakiko siku ya kwanza, ambayo kila mtu anaiogopa na kuipiga picha. Kiko kwenye juma la tatu. Mtoto aliyekuja vizuri, aliyekwisha kuwa na rafiki na kikombe chake anachokitambua kwa mkwaruzo, asubuhi moja analia mlangoni kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa. Mama anachanganyikiwa. Anadhani kapigwa, au anaumwa, au amerogwa na jirani. Anataka kumrudisha nyumbani apumzike siku mbili.

Mlezi ameshazoea. Siku za mwanzo mtoto alikuwa mgeni, na mgeni huwa na adabu. Sasa ameelewa kwamba mpango huu ni wa kila siku, kesho na kesho kutwa, hata mvua za vuli zikinyesha, na analilia jambo hilo. Analia pia kwa sababu hapa ameona wengine wakilia wakaachwa walie. Mlezi anachuchumaa, anamsalimia kwa jina, anamwacha amalizie pumzi. Kisha anamgeukia mama, ambaye beseni lake liko chini kando ya ukuta na nyanya zinaanza kupata jua.

"Amelalaje?"

"Vizuri tu, mwalimu. Ndiyo maana sielewi."

"Basi ni vizuri. Alikuwa hajaniamini. Muage, mama, uwahi."

Mama anamuaga. Anapandisha beseni kichwani, anatoka, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze hageuki nyuma. Mtoto anapiga kelele mpaka jikoni, anapewa sabuni ashike, anaikataa, anaitupa. Mlezi anaiokota na kumpa mwingine. Yule wa juma la tatu anamwangalia mwenzake akiishika, anamwangalia tena, kisha anasogea kudai kwamba zamu ilikuwa yake.